Mzazi akikataa asante, uliza kwanza alikuwa anamfichia nani

Kwa waliochelewa kufika, ndugu yetu wa Bukavu ameuliza hivi. Mama yake aliuza sokoni Kadutu miaka mingi, yeye na dada zake wakasoma, leo ana kazi nzuri. Anataka tarehe 1 Agosti, Siku ya Wazazi kwetu Kongo, aite ukoo mzima, asimame aseme yote ambayo mama aliwafanyia. Tatizo ni kwamba mama kila akiambiwa asante anajibu "asante ya nini?" kisha anauliza kama mmekula. Dada zake wanasema pesa ya karamu ikanunue bati, nyumba ya wazazi inavuja. Na katikati ya maelezo yake kuna sentensi moja ameipitia mbio: baba yupo hai, anakaa palepale nyumbani.

Wengi mmemjibu afanye haraka, asingoje kupeleka maua kaburini. Sawa, sina ubishi. Lakini huyo baba mmemruka wote, na mimi naona jibu liko kwake. Nitaeleza kwa nini. Itakuwa ndefu, mnivumilie.

Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, wa Katuba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wenye umri wangu hawahitaji maelezo, ila kwa vijana: mwanzoni mwa miaka ya 90 serikali ya Zaire, ndiyo Kongo ya leo, ilikuwa imeshachoka kulipa walimu. Mshahara ulichelewa, ukaja wa kuchekesha, mwisho ukawa hauji. Walimu wakagoma, shule zikafungwa muda mrefu. Ndipo maaskofu Wakatoliki na wazazi wakaelewana kwamba wazazi watoe kitu juu ya minervali, yaani ada ya shule, ili mwalimu apate cha kula na watoto warudi darasani. Tuliiita primu. Ulikuwa mpango wa dharura, lakini dharura ya kwetu ina tabia ya kujenga nyumba na kukaa. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilipoandika kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure, wazazi waliendelea kulipa. Ni Septemba 2019 tu ndipo serikali ilipotangaza kuanza kuitekeleza.

Kwa Lubumbashi mambo yalikuja kwa mara moja. Mgodi wa Kamoto kule Kolwezi ulianguka Septemba 1990. Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 80, mwaka 1993 haikufikisha hata tani 50,000. Lubumbashi yote ilikula kwa shaba, hata asiyewahi kuvaa kofia ya mgodi: fundi cherehani, muuza samaki, mwalimu. Mposho, ule unga wa kampuni kwa wafanyakazi wake, ilipopungua kwa jirani, deni lake kwa muuza kapenta, dagaa wa kwetu, halikulipwa, na muuza kapenta naye hakuwa na cha kumlipia mtoto shule. Ukitaka kujua nani aliushika mji ule usizame, usiangalie maofisini. Angalia mama zetu na ndoo zao.

Sasa baba yangu. Kila asubuhi alitoka na suruali iliyopigwa pasi ya makaa mpaka mkunjo unasimama. Katika mtaa wote alikuwa "Mwalimu", na mama alikuwa "Mama Mwalimu", hakuna aliyemwita kwa jina. Mwanzo wa mwezi baba alituita sebuleni, akatoa pesa mfukoni, akaigawa kwa kila mtoto: "Hii ya shule. Msichezee njiani." Tulipokea kwa mikono miwili, tukasema asante baba. Mama wakati huo alikuwa nje anafagia kiwanja, au anakoleza moto. Hakugeuka.

Pesa ile ilikuwa ya mama. Yote. Usiku, sisi tukiwa tumelala, alimpa baba mkononi ili asubuhi itoke mfukoni mwa baba.

Na ngojeni, kuna jambo lingine lililonichukua miaka kuliona. Shule ile tuliyolipa minervali na primu ndiyo shule aliyofundisha baba. Watoto wa mwalimu hawakusamehewa, kwa sababu ukimsamehe mtoto wa mwalimu mmoja, walimu wenzake wote nao wana watoto, na hapo sanduku linabaki tupu. Tuliwahi kurudishwa nyumbani na mwenzake baba, mtu aliyekula mezani kwetu, na baba alikuwa darasa la jirani anaandika ubaoni, anatuona tunapita dirishani na mikoba. Kwa hiyo pesa ya mama iliingia mfukoni mwa baba, ikaja mikononi mwetu, ikaenda kwa mtunza pesa wa shule, na mwisho wa mwezi kipande chake kikarudi kwa baba kikiitwa mshahara. Baba akaja nacho nyumbani, sisi tukashangilia kwamba Mwalimu amelipwa.

Ilipatikanaje pesa yenyewe? Kwanza kwa munkoyo. Kwa ndugu wa Kivu na wa Afrika Mashariki wasioijua: ni kinywaji cha mahindi na mizizi ya porini, kiko Katanga na Zambia. Jioni yaya yangu, yaani dada mkubwa, mtoto wa kwanza kwetu, alitwanga mizizi kinuni mpaka ikawa nyuzinyuzi. Mama alipika uji mzito kwenye sufuria kubwa juu ya mbabula, jiko la makaa, akaupua, akangoja. Kungoja huko ndiko kulikokuwa kazi. Ukitia mizizi uji ungali wa moto sana, mizizi inakufa nguvu na uji unabaki uji. Ukiuacha ukapoa kupita kiasi, nao unakukatalia. Mama alichovya kidole, akanyamaza, akasema "bado". Anakaa kwenye kigoda, kichwa kinaanguka kwa usingizi, anaamka, anachovya tena, "bado". Mwezi wa sita na wa saba, Lubumbashi ina baridi inayouma masikio, uji ulipoa haraka na usingizi haukuwa mwingi. Mwezi wa kumi, joto, alikesha. Ikifika saa yake anatia mizizi, anakoroga, na uji uliokuwa unasimamisha mwiko unaanza kulegea mbele ya macho yako. Unakuwa mwepesi wa kunyweka, na utamu unaingia bila sukari. Unafunikwa, unalala, alfajiri unachujwa.

Munkoyo haingoji mteja. Siku ya kwanza ni tamu, hata mtoto anakunywa. Ikikaa inachachuka, ikizidi kukaa inalevya na walevi ndio wanaoitafuta, na Mama Mwalimu hakutaka walevi kwenye kiwanja cha Mwalimu. Kwa hiyo iliyobaki jioni tuligawiwa sisi. Tulizipenda sana siku hizo! Tuliruka ruka na vikombe. Siku tuliyoshiba munkoyo ndiyo siku mama aliyopata hasara, na alikaa pale anatuangalia tunavyofurahia hasara yake, akatuongezea.

Baadaye akaingia kwenye unga wa Kasumbalesa. Ni kama kilomita 90 kutoka mjini mpaka mpakani na Zambia. Alipanda juu ya mizigo ya lori na mama wenzake, wakalala hukohuko, wakarudi na viroba. Sisi tulijua tu kwamba "mama amesafiri" na kwamba yaya atapika bukari, yaani ugali, lenye madonge.

Hayo ya Kasumbalesa sikuyaelewa kwa kusimuliwa. Niliyaelewa kwa sababu leo nafanya kazi hapohapo, natengeneza karatasi za forodha za malori. Kila siku nawaona mama wanapita na viroba kichwani na mtoto mgongoni. Siku moja mvua ilituzuia chini ya paa moja, nikamuuliza mmoja wao mambo ya biashara yake, kwa udadisi tu wa mtu wa karatasi: unanunua kwa kiasi gani, usafiri kiasi gani, wanaokusimamisha njiani unawapa kiasi gani, kiroba kikilowa unafanyaje. Alinijibu hesabu yote bila kusita, mpaka faida iliyobaki. Ilikuwa ndogo. Nikabaki nazidisha kichwani: watoto tuliokuwa nyumbani, minervali, primu, sare, kalamu. Nikaona ni viroba vingapi ilibidi vipande kichwani mwake ili mimi nikae mwezi mmoja darasani bila kufukuzwa. Na Zambia ikifunga mauzo ya mahindi nje, kama inavyofanya mara kwa mara ukame ukiwabana, hesabu yote inaanza upya. Nadhani hakuna hotuba ya Siku ya Wazazi iliyowahi kunifundisha kama ile mvua na yule mama ambaye wala simjui.

Jumapili ile nilikwenda kwa yaya, nikamuuliza. Alicheka. "Wewe ulikuwa unadhani nini?" Yeye alijua tangu mwanzo. Ndiye aliyetwanga, ndiye aliyeamshwa kuchuja, ndiye aliyeelewa kwa nini anasinzia darasani. Alichelewa kupata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, nyuma ya wenzake wa umri wake, na mtaani ikasemwa kichwa chake ni kizito. Ndugu wa Bukavu, kabla hujafika kwa mama yako, hesabu dada zako pia. Katika nyumba nyingi za kwetu mtoto wa kike wa kwanza alikuwa mzazi wa tatu, asiye na siku yake kwenye kalenda. Ukiona dada zako wanang'ang'ania bati badala ya karamu, usidhani ni ubahili. Pengine wanajua jambo kuhusu nyumba ile ambalo wewe ulilindwa usilijue.

Sasa nije kwenye baba.

Baba alipoacha kufundisha, wanafunzi wake wa zamani waliamua kumfanyia sherehe ndogo tarehe 30 Aprili, siku ya elimu nchini. Wanaojua wanajua: siku hiyo mwalimu wa kwetu anarudi nyumbani na sabuni, kitambaa, pengine kuku. Nikapewa nafasi ya kusema kwa niaba ya familia. Mimi nikiwa bado na moto wa yale ya Kasumbalesa, nikaona hapa ndipo pa kusema ukweli mbele za watu: kwamba aliyesomesha watoto wa nyumba hii, na kwa namna fulani aliyemlipa Mwalimu mshahara wake, ni Mama Mwalimu. Nilikuwa nimeandika vizuri kabisa. Nikamsomea mama jikoni, nikingoja machozi.

Mama hakulia. Aliendelea kuchambua lengalenga, mboga ya mchicha, akasema: "Unataka kunishukuru mimi, au unataka kumvua baba yako nguo?"

Nikaanza kujieleza. Akanikatiza: "Mtoto akijua baba hana kitu, hamsikilizi tena nyumbani. Na wanafunzi wakijua, hawamsikilizi darasani. Mimi nilinunua heshima hiyo kidogo kidogo miaka yote. Wewe unataka kuitoa bure siku moja."

Hapo, ndugu wa Bukavu, ndipo nilipo na wewe. Tunapozungumza kuhusu jasho la wazazi tunafikiria njaa, kutolala, kuvaa kitenge kilekile. Hayo yapo, na mzazi mwingine hata hayakumbuki, ndiyo maana anauliza asante ya nini. Lakini mara nyingi ndani yake kuna jambo jingine, ambalo mzazi alilifanya kwa masharti kwamba lisijulikane. Kwa mama yangu kubeba unga ilikuwa kazi. Kunyamaza wakati mwingine anashukuriwa kwa unga aliobeba yeye, hiyo ndiyo iliyomgharimu, na ndiyo aliyoichagua kwa akili zake timamu. Ukisimama mbele ya ukoo ukaianika, umemrudisha sifuri. Atatabasamu kwa ajili ya wageni, kisha usiku atakuwa na kazi ya kumtuliza mzee wake.

Kwa hiyo anapokujibu "asante ya nini", usikimbilie kusema ni unyenyekevu. Inawezekana anakuomba ufunge mdomo.

Sikutoa hotuba ile. Nilimsifu baba kwa kufundisha, jambo ambalo pia lilikuwa kweli. Mtu aliyeingia darasani kila siku miaka ile bila mshahara anastahili makofi yake. Lakini nilibaki na kinyongo kidogo juu ya baba, nisiwadanganye. Nilijiuliza alikuwa anawezaje kupokea ile "asante baba" kila mwezi bila kusema kitu. Nikakaa nalo muda, mpaka tulipobaki wawili kwenye mkeka chini ya mwembe, nikamuuliza bila kuzunguka.

Inabidi niwaambie jambo moja kwanza. Mama na wenzake walikuwa na likelemba, mchango wa zamu ambao kila mmoja hupokea kwa zamu yake, na ilikutana kwetu Jumapili baada ya kanisa, chini ya mwembe huohuo. Miaka ile pesa ilikuwa inaoza. Oktoba 1993 walipoleta pesa iitwayo zaire mpya, moja yake ilibadilishwa kwa milioni tatu za zamani, na yenyewe haikuchukua muda ikaanza kuoza pia. Ukiweka pesa kwenye likelemba, zamu yako ikifika unapokea karatasi. Mama hao hawakusoma uchumi popote, lakini walikataa kuhesabu kwa pesa. Walihesabu kwa meka, kopo la kupimia unga: kila mmoja analeta meka zake, au thamani yake ya siku hiyo, na mwenye zamu anaondoka na gunia. Serikali inapandisha na kushusha, meka ni meka. Na kwa kuwa wengi wao hawakuandika vizuri, katibu wao alikuwa baba. Mwalimu, suruali yenye mkunjo, amekaa kwenye kiti kati ya mama waliokaa mikekani, anachora mistari kwa rula, anaandika nani ameleta ngapi. Watoto wa jirani walitucheka mpaka tukakonda: baba yenu ni katibu wa wanawake. Tulitamani aache. Hakuacha.

Nilipomuuliza, aliingia ndani akatoka na daftari moja kati ya yale. Akalifungua mahali pa Septemba. Jina la mama lilikuwa pale, kwa ule mwandiko wa ubaoni, mwaka huo, na mwaka uliofuata, na uliofuata. Wenzake waligombania Desemba, kwa ajili ya Noeli na nguo za watoto. Mama alichukua Septemba kila mwaka, mwezi shule zinapofunguliwa.

"Niliandika kwa mkono wangu," akasema baba. "Ulidhani nilikuwa naandika bila kusoma?"

Akasema alimwomba mama zaidi ya mara moja awape watoto pesa yeye mwenyewe, mama akakataa. "Ile 'asante baba' yenu ilikuwa inanichoma. Niliipokea kwa sababu yeye ndiye aliyeinunua. Ningeikataa, ningekuwa nimemtupia pesa yake." Kisha akaniambia kitu kingine, kwamba kukaa na lile daftari Jumapili ilikuwa njia yake ya kulipa, maana kwenye likelemba zisizo na maandishi ugomvi ulivunja vikundi na mama waliopoteza gunia hawakurudishiwa. Ya kwao haikuvunjika. Kicheko cha mtaa alikisikia vizuri kama tulivyokisikia sisi.

Basi nikawa na wazazi wawili ambao kila mmoja alimbebea mwenzake, na sisi watoto tulikuwa katikati tukishukuru mlango usio wenyewe na kuona aibu mahali pa kujivunia. Simlaumu mtoto kwa hilo. Walitaka tuone hivyo, na walikuwa hodari.

Kuna mmoja hapa juu amesema mzazi alifanya wajibu wake, mtoto hakuomba kuzaliwa, hivyo deni halipo. Ndugu, kuhusu deni tunakubaliana, na wazazi wanaotoa daftari la madeni kila mtoto akipata mshahara nawajua, wapo, na hawapendezi. Ila wajibu una mahali unapoishia. Kulisha mtoto ni wajibu. Kumwachia mwingine asante yako kwa miaka ili mtoto amheshimu, hiyo haiko kwenye sheria yoyote ninayoijua.

Nilichofanya baada ya hapo ni vitu vidogo, nawapa kama vilivyo, achukue ambaye vitamfaa.

Niliacha kusema asante, nikaanza kuuliza namna. Mama aliyekwepa kila neno la shukrani, ukimuuliza "ulijuaje kwamba uji umefika?" anakaa vizuri kwenye kiti. Ananifundisha, ananikaripia kwamba vidole vyangu ni vya mtu wa ofisini havisikii joto. Amenieleza bei za mwaka gani, lori la nani lilikuwa linaharibika wapi, namna walivyoficha kwacha, pesa ya Zambia, kwenye mikunjo ya kitenge. Mtu hukataa kusifiwa lakini hakatai kuulizwa kuhusu kazi aliyoiweza. Na unapomwuliza kwa undani, anaelewa kabisa unachomwambia. Siku moja nilipomaliza maswali aliniangalia akasema, "Yaya yako amekuambia." Nikasema ndiyo. Akasema haya, chuja hiyo.

Pesa ninamtumia kwa simu kila mwezi, na nilishaacha kuuliza imekwenda wapi. Mwanzoni nilikasirika: namtumia anunue dawa ya magoti, naye analipia shule mtoto wa marehemu mjomba. Yaya alinikalisha chini akaniambia, ukimpa mtu pesa na orodha ya matumizi, umempa kazi ya kuwa mtunza pesa wako. Dawa nanunua mwenyewe, napeleka. Pesa ni yake. Magoti ndiyo yaliyobaki na historia ya viroba, na macho yana moshi wa miaka. Ukiwa na uwezo wa jambo moja tu kwa mama aliyepikia makaa, mpeleke akapimwe macho.

Na jamani, msiwafungie biashara. Hili nimeliona kwa rafiki zangu wengi: mtoto anapata kazi, kitu cha kwanza anamwambia mama "sasa pumzika, usiuze tena, unanitia aibu". Mama anakaa kwenye sofa, hana wa kubishana naye bei, hana likelemba, anajua habari za mtaa kwa kusikia. Baada ya muda anaanza kuumwa kila mahali. Mama yangu bado anatengeneza munkoyo, kidogo, ya oda za harusi. Nilichobadilisha ni kwamba anayekesha na sufuria ni kijana tunayemlipa, na mama anakuja tu kuchovya kidole na kusema bado.

Kwa yaya tulifanya jambo la wazi, kwa sababu yeye hakuwa anamfichia mtu. Tulikaa ndugu wote, tukakubaliana kumsomesha mtoto wake mkubwa chuo, na kwenye kikao hicho nilisema mbele ya wote kwa nini. Huyo alilia. Kumbe kuna wa kushukuriwa kwa sauti na kuna wa kushukuriwa kwa maswali, na huwezi kujua nani ni nani kabla hujachimba kidogo.

Sasa swali lako, ndugu wa Bukavu. Je, umechelewa? Mama yupo, baba yupo, hujachelewa. Karamu ifanyike? Usiamue bado. Nenda kwanza ukakae na baba yako, peke yenu, umwulize miaka ile ya Kadutu yeye aliiona vipi. Usiende kama hakimu. Pengine utakuta hakufanya kitu na alikuwa mzigo kweli. Wapo, na hapo mama mwenyewe ndiye wa kusema kama anataka lisemwe. Pengine utakuta daftari. Kisha mwulize mama, siyo "tukufanyie sherehe?", maana atasema hapana. Mwulize angependa nani waje na angependa wasikie nini. Kama atataja majina ya mama wenzake wa sokoni kabla ya wakubwa wa ukoo, basi hao ndio wageni wako, na mtakula vizuri kwa pesa chache.

Kuhusu bati nawaunga mkono dada zako, na sababu si ya falsafa. Agosti kwenu bado ni kiangazi, mafundi wanapatikana, na Bukavu mvua zinarudi Septemba. Ukitumia pesa kwenye karamu tarehe 1 Agosti, wageni wataondoka na mwezi unaofuata wazee watakuwa wanahamisha kitanda usiku kukwepa matone. Ezua sasa, na siku ya kupandisha bati pika chakula cha kutosha kwa mafundi na majirani. Wazee watakaa nje wakitazama na kila mpita njia atawauliza nani anaezeka. Waache wajibu wenyewe wanavyotaka. Ukishaongea na baba, rudi hapa utuandikie alisema nini.